Mwenye duka pia ahitaji likizo: Jitayarishe mapema upumzike kweli

NI jambo la kawaida mjini Kisii kumwona mwenye duka akifungua milango saa kumi na mbili asubuhi na kuifunga saa tatu usiku, kutwa nzima akiwa nyuma ya kaunta. Kuanzia Daraja Mbili hadi Keroka na Nyamira mjini, wafanyabiashara wadogo wengi hawakumbuki ni lini walipumzika juma zima.

Ikiwa wewe ni mmoja wao, yafaa ujue kwamba mwili huweka hesabu. Mnamo 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitangaza kuwa mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma ana hatari ya kupatwa na kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo iliyo juu kwa asilimia 17, akilinganishwa na afanyaye saa 35 hadi 40. Anayeketi dukani saa 15 kila siku hupita kiwango hicho siku ya nne ya juma.

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwajiriwa likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, yenye malipo, kwa kila miezi 12. Mwenye duka hana wa kumpa likizo ila yeye mwenyewe.

Hata hivyo, kuondoka bila mpango si kupumzika. Utakuwa Mombasa huku simu ikilia: bei ya unga ni ngapi, ufunguo wa stoo uko wapi, mwenye maziwa anadai pesa zake. Mwili umesafiri, lakini akili imebaki kwenye kaunta na usingizi hauji. Ndiyo maana matayarisho ya duka ni sehemu ya tiba yenyewe. Anza mwezi mmoja kabla.

Kwanza, chagua wakati ufaao. Desemba watu hurudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa na biashara hupamba moto. Shule zinapofunguliwa, wauzaji wa sare na vitabu hawana nafasi. Huko Nyamira, malipo ya bonasi ya majani chai huleta wateja karibu na Oktoba. Fungua daftari lako la mwaka uliopita uone ni majuma yapi mauzo yalikuwa machache. Hayo ndiyo yako.

Pili, amua kama utafunga au utaacha mtu. Ukifunga, waarifu wateja juma moja mapema na ubandike mlangoni tarehe ya kurudi. Punguza ununuzi wa vitu viozavyo kama ndizi, maziwa na mkate. Maliza vilivyo kwenye friji, uisafishe, uchomoe waya na uache mlango wake wazi kidogo. Nafaka ziinue kutoka sakafuni ili panya na unyevu visizifikie.

Ukiacha mtu, usimkabidhi ufunguo asubuhi ya safari. Mwandikie kila kitu: bei za bidhaa, nambari za simu za wauzaji wa jumla, wanaodaiwa na wanaokudai. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha mwache aendeshe duka siku mbili wewe ukiwa nyumbani. Maswali atakayokuuliza siku hizo yaandike pamoja na majibu yake. Hayo ndiyo yangekufuata likizoni.

Kuhusu pesa, kubalianeni kiasi cha chenji kitakachobaki dukani, na kinachozidi kipelekwe benki kila siku. Asiongeze mkopo kwa mteja yeyote hadi urudi. Nambari yako ya siri ya simu usimpe hata akiwa nduguyo. Hilo hulinda pesa zako na pia hulinda udugu wenu.

Tatu, kumbuka kwamba kuna biashara ambazo haziachiwi yeyote tu. Duka la dawa za binadamu lapaswa kuwa chini ya mtaalamu aliyesajiliwa. Kama hayupo, ni heri lifungwe. Katika hoteli, atakayeshika nafasi yako jikoni awe amepimwa na ana cheti cha afya cha wahudumu wa chakula. Na katika duka la dawa za mifugo na mimea, sumu zifungiwe mbali na chakula na watoto.

Nne, weka saa moja ya simu kwa siku, sema saa kumi alasiri. Usiiweke usiku, kwani habari ya upungufu wa pesa itakunyima usingizi. Nje ya saa hiyo, upigiwe tu kukiwa na moto, wizi au ugonjwa.

Kabla ya kuondoka, pita kwenye kituo cha afya upimwe shinikizo la damu. Ugonjwa huu aghalabu hauna dalili, kwa hivyo usingoje kuumwa na kichwa. Ukipimwa zaidi ya mara moja na kupatikana na 140 kwa 90 au zaidi, mwone daktari. Ikiwa tayari unatumia dawa, beba za kutosha na usiache kuzimeza kwa sababu unajihisi vizuri. Na ukiona kifua kinabana, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea ghafla, au ulimi unakuwa mzito, usingoje likizo. Kimbia hospitali.

Pengine utasema juma zima ni refu mno, wateja watahama. Waangalie Waadventista wa Sabato, ambao ni wengi Kisii na Nyamira. Maduka yao hufungwa Jumamosi, na wateja wamekwisha kuzoea. Hununua mapema Ijumaa au hurudi Jumapili. Mteja hukasirishwa na mlango uliofungwa bila taarifa, si na mapumziko yanayojulikana.

Basi anza na siku moja kwa juma, kisha siku tatu, hatimaye juma zima. Na siku hizo usizijaze mikutano ya chama na kazi za shamba. Lala saa saba au nane, tembea, kaa na jamaa zako.