Mwanafunzi asiache githeri kwa unga wa mkebe

Majuzi, nikiwa katika zamu ya kukagua mabweni, nilimfumania mvulana wa kidato cha tatu akikoroga unga mweupe ndani ya kikombe cha maji. Wazo la kwanza lililonijia, nakiri, lilikuwa baya. Kumbe dhana yangu ilikuwa potofu. Unga ule ulikuwa ute wa mayai uliokaushwa, na mkebe wake ulipambwa kwa picha ya jamaa mwenye misuli mithili ya mizizi ya mbuyu.

Kijana huyo, ambaye ni mchezaji wa raga, alinieleza bila kupepesa macho kwamba aliununua kwa fedha zake za matumizi ya muhula mzima. Fauka ya hayo, kwa majuma matatu hakuwa amegusa githeri ya mchana. "Githeri hujaza tumbo tu, mwalimu," akasema. "Huu ndio unaojenga misuli."

Sikumwadhibu. Lakini usiku huo usingizi ulinipaa, kwani ni mimi niliyemfundisha, katika somo la biolojia, kwamba protini hujenga mwili. Alikuwa ameyatumia maneno yangu mwenyewe kuikimbia sahani yake.

Ndugu msomaji, sina nia ya kuupaka matope unga huo. Ute wa yai ni maji kwa kiasi cha asilimia 90 hivi, na sehemu kubwa ya kinachosalia ni protini. Viwandani, ute hutengwa na kiini, sukari yake ndogo ikaondolewa ili unga usiwe wa kahawia, kisha ukanyunyizwa katika hewa ya moto hadi ukauke. Baadaye unga huwekwa katika joto kwa siku kadhaa ili viini vya maradhi kama salmonela vife. Matokeo yake ni unga ambao kiasi cha asilimia 80 ni protini iliyokamilika. Unaweza kumfaa mgonjwa asiyeweza kutafuna, au mtu ambaye maziwa humchafua tumbo. Mwenye mzio wa mayai asiuguse kamwe, naye mwenye maradhi ya figo amwone daktari kwanza.

Wala mayai ya unga si jambo geni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mayai yalipokuwa yakigawiwa kwa kipimo, Waingereza walianza kupokea mayai ya unga kutoka Marekani mwaka wa 1942. Hao, hata hivyo, walikuwa wameyakosa mayai yenyewe. Je, mwanafunzi wangu alikuwa amekosa nini?

Nilimwita siku iliyofuata tukafanya hesabu pamoja. Kijana wa kilo 60 anahitaji kiasi cha gramu 51 za protini kwa siku. Akifanya mazoezi makali huenda akahitaji 72 au zaidi. Kipimo cha gramu 30 za unga ule humpa gramu 24. Mayai manne ya kuchemsha humpa kiasi hicho hicho, pamoja na vitamini A na D zilizomo katika kiini, ambazo ute hauna. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina gramu 15 hivi na gilasi ya maziwa gramu 8. Jumla ni 23. Tena mahindi yana upungufu wa asidi amino ambayo maharagwe yanayo kwa wingi, na maharagwe yana upungufu wa ile ambayo mahindi huileta. Bibi zetu waliovichanganya vyakula hivi chunguni hawakusoma kemia, lakini hawakukosea.

Lililo zito zaidi ni kwamba mwili unaokosa wanga hugeuza protini kuwa kuni. Anayeacha githeri akanywa unga ni kama fundi anayechoma mbao za paa ili achemshe uji. Utafiti kuhusu wanariadha wetu hodari wa mbio, uliochapishwa mwaka wa 2004, ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka katika wanga, ugali ukiwemo, na asilimia 10 tu katika protini. Na hao ndio waliotikisa ulimwengu!

Nilimwonya pia kuhusu mikebe ya namna hii kwa jumla. Mnamo 2000 na 2001, maabara moja ya Cologne, Ujerumani, ilipima vijalizo vya lishe 634 kutoka nchi 13. Katika 94, zilipatikana homoni ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Mchezaji akipimwa na kupatikana nazo, kujitetea kwamba hakujua hakumwondolei lawama. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Nilidhani nimemaliza. Kijana akaniangalia, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, umehesabu kikombe cha maharagwe. Katika sahani yangu yako mangapi?"

Sikuwa na jibu. Mchana ule niliingia katika bwalo, nikapokea sahani kama wanafunzi. Mahindi yalikuwa tele. Maharagwe niliweza kuyahesabu, nami niliyahesabu: yalikuwa kumi na saba. Hapo nikatambua kwamba kijana alikosea dawa, lakini maradhi aliyatambua barabara.

Basi nina maneno matatu. Kwa wanafunzi: msiuze mlo wenu mkanunua picha ya misuli. Anayetaka kujua thamani ya mkebe na agawe bei yake kwa gramu za protini zilizomo, kisha afanye vivyo hivyo kwa yai, maharagwe na omena. Hesabu hiyo haimpendelei mfanyabiashara wala mwalimu. Na msiyanywe mayai mabichi kwa kuiga mabondia wa filamu. Watafiti wa Ubelgiji walionyesha mwaka wa 1998 kwamba mwili hufyonza asilimia 90 hivi ya protini ya yai lililopikwa, lakini nusu tu ya lile bichi.

Kwa walimu wenzangu: tunapofundisha kwamba protini hujenga mwili, tusiishie hapo. Tuwapeleke wanafunzi jikoni, wapime kilichomo chunguni.

Na kwa wakuu wa shule na wazazi wanaokaa katika bodi: kabla hamjapiga mkebe marufuku, chungulieni sahani. Mimi nimekwisha kuomba nafasi katika mkutano ujao, na nitakwenda na sahani mkononi.