Zima Data, Kisha Uamue

Jego iko kwenye barabara inayotoka Lunga Lunga kwenda Vanga, kusini kabisa mwa Kaunti ya Kwale, na mpaka wa Tanzania uko jirani. Mawimbi ya redio hayajui mpaka. Simu hufuata mnara unaosikika vizuri zaidi, na mahali kama hapa mnara huo unaweza kuwa wa ng'ambo. Hapo bando lililonunuliwa upande huu halisaidii kitu mpaka mtu asogee au achague mtandao kwa mkono. Ongeza umeme unaokatika, betri iliyochoka, na bando la siku moja linalokwisha kabla ya magharibi. Kwa mkulima wa mnazi, mvuvi, mwalimu au karani wa chama cha akina mama katika mazingira hayo, swali la programu gani ya bure imfae linahitaji kuanzia mahali tofauti na pale makala nyingi za ushauri zinapoanzia. Makala hizo huhesabu programu ina vitufe vingapi. Mimi nashikilia kwamba kuna kipimo kimoja kinachotangulia vyote, na hakihitaji utaalamu wowote: fungua programu au ukurasa, zima data, kisha endelea kufanya kazi uone nini kitatokea.

Kipimo hiki kinafichua jambo ambalo skrini haionyeshi, yaani kazi inafanyikia wapi. Programu ikiendelea kama kawaida, hesabu inafanywa na simu yenyewe na ulichoandika kiko mkononi mwako. Ikisimama, basi kazi ilikuwa inafanywa kwenye kompyuta iliyo mbali, na simu yako ilikuwa dirisha tu la kuitazamia. Kuna kazi ambazo lazima zifanyike mbali, na nitazirudia. Lakini kazi nyingi za kila siku, kama kuandika barua, kujumlisha michango, kupunguza ukubwa wa picha au kuunganisha kurasa za PDF, ni ndogo mno kwa simu ya leo. Programu inayodai mtandao kwa kazi kama hizo ina haja yake nyingine.

Chukua mfano wa picha ya kitambulisho. Mzazi anayemwombea mwanawe basari, au kijana anayeomba kazi katika hoteli ya Diani, huambiwa apandishe nakala ya kitambulisho isiyozidi ukubwa fulani. Picha iliyopigwa na simu ina megabaiti 3 au 4. Akitafuta kwenye kivinjari atapata tovuti chungu nzima za kupunguza picha bure, na nyingi huifanya kazi hiyo kwa kuichukua picha kwanza: kitambulisho chake, chenye jina, namba na tarehe ya kuzaliwa, kinasafiri hadi kwenye seva ya watu asiowajua, kinapunguzwa huko, kisha kinarudishwa. Squoosh, chombo kilichotolewa na wahandisi wa Chrome mwaka 2018, kinafanya kazi ileile ndani ya kivinjari chenyewe. Ukurasa ukishafunguka, zima data: picha itapungua vilevile, na ya megabaiti 4 inaweza kushuka chini ya kilobaiti 300 maandishi yakiwa bado yanasomeka. Vyombo vyote viwili ni vya bure na matokeo yanafanana, ila njia moja imeacha nakala ya kitambulisho kwa mtu wa tatu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na ni sheria nzuri, lakini sheria huja baada ya madhara. Picha ambayo haikutoka simuni haihitaji kutetewa.

Pwani ina mfano mwingine ulio wazi zaidi, nao ni maji ya bahari. Wavuvi wa Vanga na Jimbo wanajua bila kuuliza mtu kwamba bamvua hufuata mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huja mwezi unapokuwa nusu. Sayansi inaeleza jambo hilohilo kwa hesabu. Mvuto wa mwezi huleta wimbi linalojirudia kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, na mvuto wa jua huleta jingine la saa 12 kamili. Mawimbi hayo mawili yakikutana kilele kwa kilele, maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa kwetu tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Yakipishana, moja hupunguza nguvu za jingine. Zile dakika 25, zikihesabiwa mara mbili kwa siku, ndizo zinazofanya maji ya leo yachelewe kwa karibu dakika 50 kuliko ya jana. Ukiongeza mawimbi madogo mengine na ukijua vipimo vya bandari moja, unaweza kutabiri maji ya mwaka mzima. Mwaka 1872 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kamba iliyofanya hesabu hiyo kwa saa chache. Ilikuwa ya shaba na mbao, na haikuhitaji umeme, sembuse intaneti.

Basi programu ya maji kujaa na kupwa inayogoma kufunguka mpaka data iwashwe haingoji habari yoyote kutoka baharini. Vipimo vya bandari ya Kilindini, Mombasa, vinatosha kwenye ukurasa mmoja, na simu hufanya hesabu ya mwezi mzima kwa kufumba na kufumbua. Kinachongojwa aghalabu ni matangazo. Mtu anaweza kusema kwamba mvuvi hahitaji programu hata kidogo, kwa kuwa ana mwezi na ana hesabu aliyorithi. Naikubali hoja hiyo kwa mvuvi. Lakini mwalimu anayepanga siku ya kuwapeleka wanafunzi mikokoni wiki tatu mbele, au fundi anayeahidi kujenga ukuta karibu na maji, hana hesabu hiyo kichwani, na jedwali linalofunguka bila mtandao linamfaa. Linabaki kuwa makadirio ya Kilindini. Upepo na umbali huongeza au kupunguza, na hapo neno la nahodha wa Vanga lina uzito kuliko la simu.

Pingamizi kubwa ninalolisikia ni kwamba mtandao unaenea, kwa hiyo kipimo hiki kitapitwa na wakati. Ni kweli unaenea. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009 na kubadili mambo. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika katika Bahari ya Hindi upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukazorota Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko, hata kwa wenye ofisi za ghorofani. Mnara mpya Lunga Lunga hauwezi kuunganisha waya uliokatika chini ya bahari. Tena chombo kilichoenea mno nchini Kenya kilishinda kwa kutotegemea intaneti: M-Pesa ilianza Machi 2007 kwenye menyu ya laini ya simu, na hadi leo mtu huzima data na kutuma pesa akiwa na simu ya vitufe. Inahitaji mnara, naam, kwa sababu pesa lazima imfikie mtu mwingine. Haijamdai mtumiaji zaidi ya kile ambacho kazi yenyewe inakihitaji.

Hapo ndipo zilipo kazi nilizosema nitazirudia. Mto Umba huanzia milima ya Usambara nchini Tanzania, huvuka mpaka na kumwaga maji yake karibu na Vanga. Mvua inaweza kunyesha Lushoto, kwenye milima hiyo, huku anga la Jego likiwa jeupe, na maji yakafika mashambani bila wingu lolote la kuonya. Hakuna hesabu ya kuweka simuni itakayoijua mvua hiyo. Ila mtandao wa satelaiti unaoongozwa na chombo kilichorushwa Februari 2014 na mashirika ya anga ya Marekani na Japani huikadiria mvua ya dunia kila nusu saa, katika miraba ya kilomita 10 hivi, na ramani zake za mwanzo hutoka baada ya takriban saa 4. Zinatazamwa bure kwenye kivinjari, kwa mfano katika ukurasa wa NASA uitwao Worldview. Zima data na ramani mpya haitakuja, na hilo ni haki yake, kwa sababu ni habari na habari lazima ifike kutoka mahali. Kwa matumizi ya namna hii bando ni gharama ya halali, na ningependa kila kijiji cha bonde la Umba kiwe na mtu mmoja anayeutazama ukurasa huo msimu wa masika.

Kuna pingamizi la pili, lenye nguvu kuliko la kwanza: kilicho simuni hupotea na simu. Simu ikitumbukia majini au ikiibwa matatuni, daftari zima la chama limekwenda. Anayeweka kazi yake Google Docs hana hofu hiyo. Jibu langu ni kwamba mambo haya mawili hayagombani. Mwaka 2019 watafiti wanne, Martin Kleppmann na wenzake, walichapisha andiko lililotetea programu ambazo nakala yake kuu hukaa kwa mwenye kazi, huku mtandao ukitumika kupeleka nakala nyingine mahali pa pili unapopatikana. Hata Google Docs yenyewe ina sehemu ya kuruhusu faili lifunguke bila mtandao, ingawa wengi hawajaiwasha. Nakala mbili, moja mkononi na moja mbali, ndiyo hifadhi. Nakala moja tu, iwe simuni au kwenye seva, ni kubahatisha, na wenye seva nao hufunga milango: Google Reader ilizimwa Julai 2013 na Skype ikafungwa Mei 2025, baada ya watu kuizoea kwa miaka zaidi ya 20. Kwa hiyo baada ya kuzima data, tafuta kitufe cha kutoa kazi yako katika faili la kawaida ambalo programu nyingine italisoma. Jedwali la LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, linatoka hivyo kwa urahisi.

Kipimo kina upungufu wake pia. Programu inaweza kufanya kazi bila mtandao kisha, data ikiwashwa, ikapeleka kimyakimya ilichokusanya. Kuzima data huonyesha kwamba programu inaweza kujitegemea. Hakuonyeshi nia ya aliyeitengeneza. Ndiyo sababu napendelea zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na napendekeza kusoma ruhusa ambazo kila programu inaziomba. Programu ya tochi inayotaka kusoma majina ya watu simuni imeshajieleza.

Mahali ambapo faida ya haya yote huonekana waziwazi ni ndani ya mikoko. Gazi, kule Msambweni, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa tangu mwaka 2013 kutokana na msitu wa hekta 117. Vanga, Jimbo na Kiwegu, majirani wa Jego, wakafuata kwa mradi wao wa hekta 460. Mauzo ya namna hiyo husimama juu ya vipimo vya miti. Unene wa shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na kwa mkoko wenye mizizi ya juu, mkanda huwekwa juu ya mzizi wa mwisho. Hakuna mnara wa kutegemea katikati ya tope hilo. Mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Washington, chini ya Gaetano Borriello, kilianza kutengeneza ODK, programu ya bure ya fomu kwa kazi za namna hii, na mpango wa afya wa AMPATH huko Eldoret ulikuwa miongoni mwa waliotangulia kuitumia, nyumba kwa nyumba. Fomu huingizwa simuni palipo na mtandao, kisha hujazwa popote. Seva ya kuzipokea lazima mtu aigharimie au akubali kikomo cha ile ya bure, lakini mpimaji haoni tofauti.

Karatasi nayo hufanya kazi bila mtandao, na aliyeizoea ana haki ya kuuliza kwa nini aiache. Karatasi hulowa, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba inakubali chochote. Mpimaji akiandika sentimita 150 mahali pa 15, karatasi hunyamaza, na kosa huonekana miezi miwili baadaye mezani kwa mtu asiyeujua mti ule. Fomu iliyowekewa kikomo hukataa palepale, mkanda ukiwa bado shinani, na GPS ya simu, ambayo hupokea tu ishara za satelaiti zilizo kilomita 20,000 juu bila kutumia bando, huandika mti ulipo. Maji yakianza kuingia, watu hutoka mikokoni wakiwa na fomu zao zote, na wakifika barabarani, mnara ukishika, fomu zinaondoka moja baada ya nyingine huku simu ikiwa mfukoni.