Mkanda Mmoja, Ukumbi Mmoja, Miaka Miwili

Atlantic City ni mji wa pwani ya New Jersey, Marekani, uliojengwa kwa ajili ya wageni: ufuo, njia ndefu ya mbao kando ya mchanga, na hoteli zilizopangana kuitazama bahari. Wageni walipopungua, wapiga kura wa jimbo waliruhusu kasino mjini humo mwaka 1976, na ya kwanza ikafungua milango mwaka 1978. Tangu hapo mji ukategemea kamari. Lakini meza ya kamari peke yake haimtoi mtu nyumbani kwake New York au Philadelphia. Alihitaji sababu ya kusafiri, alale hotelini, kisha onyesho likiisha apitie mezani. Ndondi zilikuwa chambo cha kwanza, mieleka ya kulipwa ikafuata. WrestleMania ni onyesho kubwa la mieleka la kila mwaka; ya nne, tarehe 27 Machi 1988, na ya tano, tarehe 2 Aprili 1989, zote zilifanyika katika jumba la mikutano la mji huo, lililofunguliwa mwaka 1929, ingawa matangazo yalitaja hoteli ya jirani, Trump Plaza. Ilikuwa mara ya kwanza onyesho hilo kurudi katika ukumbi uleule miaka miwili mfululizo, na kwa maoni yangu marudio hayo ndiyo yaliyoupa mji huu nafasi yake katika historia ya mieleka.

Watu wengi huamini kwamba pambano hukumbukwa kwa sababu hakuna aliyejua nani angeshinda. Atlantic City ni mahali pazuri pa kuipima imani hiyo. Tarehe 27 Juni 1988, miezi mitatu baada ya mieleka, Mike Tyson na Michael Spinks walipanda ulingoni katika jumba hilohilo. Hilo lilikuwa pambano halisi, halikuandikwa na mtu, na dunia nzima ilikuwa ikilisubiri. Lilimalizika kwa sekunde 91. Tunalikumbuka, naam, kwa ukali wa Tyson, lakini halina kisa. Mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu alilikosa. Mieleka ya Machi ilikuwa kinyume chake kabisa. Waandaaji walijua mshindi tangu mwanzo, na hata hivyo ilimfikisha mtazamaji mahali ambapo ngumi za Tyson hazikumfikisha.

Kisa chenyewe kilianzia nje ya mji. Tarehe 5 Februari 1988 mwanamieleka Andre the Giant alimnyang'anya mwenzake Hulk Hogan ubingwa kwa hesabu ya mwamuzi aliyeendelea kuhesabu ilhali bega la Hogan lilikuwa limeinuka. Andre akaukabidhi mkanda wa ubingwa kwa Ted DiBiase, tajiri wa hadithi hiyo aliyedai kwamba kila mtu ana bei yake. Ubingwa ukatangazwa kuwa wazi, na wanamieleka 14 wakaitwa Atlantic City kuugombea kwa mtoano wa usiku mmoja. Hogan na Andre walikutana mapema wakatolewa wote wawili, jambo lililompeleka DiBiase fainali bila kupigana nusu fainali. Upande wa pili Randy Savage alipanda ulingoni mara nne, kila mara akiwa na vazi jipya, na kila mara akiongozana na meneja wake, Miss Elizabeth, ambaye kwa kweli alikuwa mke wake.

Tuitazame fainali kwa karibu. DiBiase hakuja peke yake: Andre alisimama kando ya ulingo akimvuta Savage miguu. Savage akamnong'oneza Elizabeth, naye akatoka mbio kwenda nyuma ya pazia na kurudi na Hogan. DiBiase alipombana Savage shingo, na Andre akamshughulisha mwamuzi, Hogan akaingia na kiti cha chuma akampiga nacho DiBiase mgongoni. Savage akapanda juu ya nguzo ya kona, akainua mikono, akaruka na kumwangukia kwa kiwiko. Moja, mbili, tatu. Kisha akamweka Elizabeth begani, mkanda ukiwa juu.

Pingamizi la kwanza msomaji analo tayari: yote hayo yalipangwa. Ni kweli, na ni New Jersey jambo hilo lilikowekwa wazi. Februari 1989, kati ya maonyesho haya mawili, kampuni iliyoyaandaa ililiambia baraza la seneti la jimbo hilo kwamba kazi yake ni burudani na si shindano halali la michezo, ili iondolewe usimamizi na kodi zilizowekewa michezo ya ulingoni. Magazeti yakaandika. Wiki chache baadaye, Aprili, ukumbi ukajaa tena. Watu hawakuwa wamelaghaiwa. Mtoto anayeomba hadithi ya Sungura na Fisi kwa mara ya kumi anajua Sungura ataponyoka; anachosubiri ni namna atakavyoponyoka. Tena kuanguka kwa Savage kutoka juu ya nguzo hakukuandikwa kwa kalamu tu. Mwili ulitua kweli, mara baada ya mara, kwa miaka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Onyesho la 1988 lilikuwa na mapambano 16, mengi mafupi na yasiyo na ladha, na wapenzi wengi wa mieleka wamelalamika kwamba ukumbi ulipoa kwa sababu viti vya mbele vilishikwa na wageni wa kasino. Ukilipima usiku ule peke yake, halistahili sifa zote linazopewa. Ila halikubaki peke yake. Mwaka uliofuata Savage alirudi akiwa bado bingwa, na safari hii mpinzani wake alikuwa Hogan, rafiki aliyemwokoa kwa kile kiti. Wivu ulikuwa umeingia: Savage alimtuhumu Hogan kwamba anamtamani Elizabeth. Elizabeth naye alikataa kusimama upande wa yeyote, akakaa kwenye kona isiyo ya mtu. Kila alipojaribu kumsaidia mmoja wao alizuiwa, na mwishowe mwamuzi akamtoa kabisa ukumbini. Savage akaruka kwa kiwiko kilekile cha mwaka uliotangulia. Hogan akainuka. Teke usoni, mguu kifuani, na mkanda ukahama.

Rudi sasa kwenye picha za Machi 1988. Hogan yumo ulingoni anasherehekea ushindi usio wake, karibu na mwanamke asiye wake. Usiku ule ilikuwa furaha ya marafiki, na hakuna aliyeona neno. Aliyetazama tena baada ya Aprili 1989 humtazama Savage kwanza, kuona macho yake yanaelekea wapi.