Pumzi Zaidi, Lakini Zaidi ya Nini?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo mimi huifafanua mbele ya wanafunzi wangu kila mwaka, nikiwaonyesha jinsi nusu yake ya kwanza inavyojibizana na ya pili. Hata hivyo, asubuhi moja katika Barabara ya Kirinyaga, jijini Nairobi, niliisahau kwa muda uliotosha kutia mkono mfukoni na kutoa noti.

Nina gari dogo aina ya Toyota, mtumba kutoka Japani, lenye injini ya lita moja na nusu. Kila unapowadia msimu wa mazoezi ya kufundisha, gari hilo hunibeba hadi Kajiado na Makueni kuwakagua walimu wanagenzi. Asiyezijua barabara za huko wakati wa kiangazi hajui vumbi. Vumbi hilo hupenya begi lililofungwa zipu, likajikalia kwenye faili za ukaguzi na baina ya meno. Siku chache kabla ya msimu mmoja kuanza, fundi wangu alikifungua kile kisanduku cheusi kilicho kando ya injini, akalitoa chujio la hewa na kuligonga juu ya jiwe. Wingu jekundu likatanda. "Mwalimu," akaniambia, "hili limekula chumvi nyingi. Tafuta jingine."

Dukani nilionyeshwa machujio mawili yanayolingana na gari langu. La kwanza lilikuwa la karatasi yenye mikunjo mingi, limetiwa katika sanduku lisilo na maneno ila namba. La pili lilikuwa la shashi ya pamba iliyoloweshwa mafuta mekundu, nalo lilikaa katika sanduku linalong'aa kama zawadi ya harusi. Bei yake ilikuwa mara sita ya lile la kwanza. Juu ya sanduku, maandishi ya Kiingereza yaliahidi hewa zaidi, nguvu zaidi, kasi zaidi na matumizi madogo ya petroli. Muuzaji, kijana mwenye ulimi wa asali, alinifasiria yote hayo kwa mkato: "Mwalimu, hii gari yako inakohoa kwa sababu haipumui. Ipe pumzi zaidi uone." Sikumsahihisha ngeli. Nilikuwa nimekwisha kutekwa.

Nakiri haya kwa haya, maana kazi yangu ni kuchunguza maneno. Neno "zaidi" ni neno lenye deni. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiandika kwamba Juma ni mrefu zaidi, kisha akatia nukta, mwalimu humwuliza: zaidi ya nani? Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, sikuuliza. Hewa zaidi kuliko ya chujio lipi, jipya au lililoziba? Nguvu zaidi injini ikizunguka kwa kasi gani? Sanduku lilikuwa limetaja upande mmoja wa mlinganisho, na ule wa pili nikaujaza mwenyewe kwa matumaini.

Sanduku hilo lilijisifu pia kwa neno la Kiingereza ambalo sisi wanaisimu tumelizoea kwa maana nyingine. Mwaka 1965 Noam Chomsky alitenganisha umilisi wa mzungumzaji, yaani ule ujuzi wa lugha aliobeba kichwani, na utendaji wake, yaani yale anayoyatoa mdomoni. Chujio langu lilikuwa, kwa tafsiri ya darasani, chujio la utendaji. Laiti ningalikumbuka pale pale kwamba umilisi wa injini hutungwa kiwandani, na kwamba kipande cha shashi hakiwezi kuuongeza!

Hebu tuitazame kazi yenyewe ya chujio. Petroli haiungui bila hewa. Kwa uzani, kila kilo ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue barabara. Lita moja ya petroli ina uzani wa robo tatu ya kilo hivi, kwa hivyo humeza kiasi cha kilo 11 za hewa. Kule Mombasa, usawa wa bahari, hizo ni kama lita 9,000. Nairobi imeinuka mita 1,700 hivi, na hewa yake imepungua uzito kwa takriban asilimia 15, ndiposa lita ile ile ya petroli huhitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa. Hapa yule kijana alikuwa amesema kweli pasi na kukusudia. Gari langu halipumui Nairobi kama lingepumua Mombasa. Ila kosa ni la mwinuko, wala hakuna chujio liwezalo kuushusha mji.

Fauka ya hayo, chujio si mlango pekee wa hewa. Mbele ya injini mna kibamba kinachofunguka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Ukikanyaga nusu, ni kibamba hicho kinachoizuia hewa, si chujio. Ubora wa chujio jepesi huonekana pale tu unapokanyaga hadi mwisho na injini ikavuma kwa kasi yake ya juu kabisa. Waliolisanifu gari nao si wajinga: ile mikunjo ya karatasi imewekwa ili karatasi pana ienee katika kisanduku kidogo, hewa ipite bila taabu. Nami safari zangu nyingi katika Barabara ya Mombasa huwa nyuma ya malori.

Na ile ahadi ya kupunguza petroli? Mwaka 2009 watafiti wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi na zuri. Waliyaziba machujio makusudi, kisha wakapima. Katika magari ya kisasa, ambayo kompyuta ndiyo inayogawa petroli, matumizi hayakubadilika kwa kiasi cha kutajika. Kilichodhoofika ni wepesi wa gari kuchapuka. Gari la zamani la kabureta, la mwaka 1972, ndilo lililoonyesha tofauti ndogo ya petroli. Sababu haijifichi: kompyuta hupima hewa iliyoingia, ikatoa petroli ya kuitosha hewa hiyo tu. Sasa msomaji, ikiwa chujio lililozibwa halikuongeza matumizi katika gari la namna hiyo, chujio jepesi litayapunguza kwa njia gani?

Lakini lililonikera baadaye zaidi ni lile ambalo sanduku halikulisema kabisa. Nyanya yangu, aliyenilea Mombasa, alikuwa na kifumbu cha ukindu cha kukamulia tui. Kifumbu kilichobana hukuchosha mikono, na tui hutoka kwa subira. Kifumbu kilicholegea hutoa tui upesi, na machicha pamoja nalo. Sikumsikia nyanya hata siku moja akikisifu kifumbu kwa wepesi wake. Alikisifu kwa kile kilichobaki ndani.

Machicha ya injini ni vumbi. Ndani ya vumbi la barabara zetu mna chembe za kwazi, ile mawe meupe ambayo mchanga mwingi umetokana nayo. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kwazi ina daraja la 7, yaani ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe hizo zikipita, hukaa baina ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, zikasugua mithili ya msasa. Hasara yake haipigi hodi siku ya kwanza. Miaka hupita, injini ikaanza kula oili na kutoa moshi wa samawati, na wakati huo hakuna anayelikumbuka chujio.

Kuna utaratibu wa kimataifa wa kuyajaribu machujio haya, ujulikanao kama ISO 5011. Hupima mambo matatu: chujio linaizuia hewa kwa kiasi gani, linanasa sehemu gani ya vumbi, na linabeba vumbi kiasi gani kabla ya kuziba. Sanduku langu lilizungumzia la kwanza, likayanyamazia mawili. Hata pale asilimia za unasaji zinapotajwa, mwalimu wa hisabati anafaa kuwa karibu. Tuseme chujio moja linanasa asilimia 99 ya vumbi na jingine asilimia 97. Masikioni ni tofauti ya mbili tu. Lakini injini haili kile kilichonaswa, inakula kilichopita. Katika kila gramu 100 za vumbi, la kwanza limepitisha gramu moja, la pili tatu. Hiyo ni mara tatu.

Sisemi kwamba machujio ya shashi ni ulaghai. Yalivuma California tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, miongoni mwa watu wa mashindano, ambao sekunde moja ni mali kwao. Mtu anayeshindana huikanyaga injini hadi mwisho muda mrefu, tena ana mafundi wanaolivua chujio, kulisafisha na kulipaka mafuta kwa kipimo. Aidha, chujio hilo huoshwa likatumika tena, jambo ambalo karatasi haiwezi. Lakini mhadhiri anayekumbuka kufungua boneti siku taa inapowaka si dereva wa Safari Rally.

Taa yenyewe iliwaka siku ya nane. Muuzaji alikuwa amenipa kichupa cha mafuta yale mekundu na kuniambia niongeze nikiona vumbi limezidi. Niliona limezidi, nikaongeza, na kwa kuwa mkono wa mwoga hauna kipimo, niliongeza mara mbili. Nilipoiacha lami karibu na Sultan Hamud, gari likaanza kusita, likakosa nguvu, kisha likazimika katikati ya michongoma. Shule niliyokuwa naiendea ilikuwa mbele ya kilomita 11. Mwalimu mwanagenzi aliyekuwa akinisubiri alikuwa na ukaguzi wake wa mwisho, na kipindi chake kilianza saa mbili na dakika arubaini. Nilifika kwa bodaboda saa sita na robo.

Alikuwa amekwisha kufundisha. Kiti changu kilikuwa bado kimewekwa nyuma ya darasa, na juu yake andalio la somo lililoandikwa kwa mwandiko wa kujitahidi. Chati zake za karatasi za manila zilikuwa bado ukutani. Hakulalamika. Alinikaribisha chai na kuniuliza kama gari limepona. Ilinibidi kurudi juma lililofuata, yeye akaandaa somo jingine, na alama zake zikachelewa kuliko za wenzake. Gharama hiyo haikuwa katika stakabadhi ya dukani.

Fundi alipolifungua gari, alinionyesha kitu ambacho sikuwahi kukijua. Katika bomba la hewa, nyuma ya chujio, mna waya mwembamba kama unywele unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inapopita huupoza, na kompyuta hutambua kwa njia hiyo ni hewa kiasi gani imeingia. Mafuta yangu ya ziada yalikuwa yamevutwa hadi kwenye waya huo, vumbi likanata juu yake, na kompyuta ikawa inapiga hesabu kwa habari za uongo. Aliusafisha kwa dawa yake maalumu. Kisha akapitisha kidole ndani ya bomba, upande ambao ulipaswa kuwa safi, akaniinulia. Kilikuwa chekundu. Ukingo wa mpira wa chujio lile haukukaa sawasawa katika kisanduku, na vumbi lilikuwa limejipatia njia ya panya.

Tangu siku hiyo, kidole hicho ndicho kipimo changu. Chujio jipya likikaa majuma mawili, nalivua na kupapasa ndani ya bomba. Dukani natazama kwanza ukingo: je, umezunguka bila pengo, unarudi ukibonyezwa? Nalinganisha na lile la zamani, unene kwa unene. Naliinua karatasi juani: mwanga uenee kwa ukungu, usichungulie kama nyota, maana nyota ni tundu. Silipeleki tena kupulizwa kwa upepo wa nguvu kwenye kituo cha petroli, kwa kuwa upepo huo huweza kuipasua karatasi pasipoonekana. Na kuna jambo lililonishangaza kulisikia: chujio la karatasi lililochafuka kidogo hunasa vyema kuliko jipya, kwani vumbi la kwanza huwasaidia nyuzi kulishika la pili. Anayelifungua kila Jumamosi kwa kupenda usafi huenda anaidhuru injini yake. Nalibadilisha mapema kuliko kitabu cha gari kinavyoagiza, maadamu kitabu hakikuandikiwa Kajiado, lakini silichokonoi ovyo.

Chujio la shashi liko kwenye rafu ofisini mwangu, kati ya kamusi mbili. Wanafunzi wa semantiki hulitumia wanapojifunza vivumishi vya kulinganisha, na vidole vyao hutoka na wekundu.

Juzi nilirudi katika duka lile lile. Kijana alinikumbuka, au alijifanya kunikumbuka, akateremsha sanduku jingine linalong'aa kuliko la awali. "Hii ni kali zaidi, mwalimu."

"Zaidi ya nini?" nikamwuliza.

Akafikiri kidogo, akacheka. "Zaidi ya ile niliyokuuzia."

Nikamwomba lile la karatasi, nikatoka nalo nje ya mlango na kuliinua juani.