Karanga na Bisi zenye Kakao

Karanga za sukari zinajulikana sana katika masoko ya Kolwezi. Zinauzwa ndani ya vifuko vidogo, njiani na mbele ya mashule, na bisi zinauzwa karibu nazo. Mama mwenye unga kidogo wa kakao aweza kuziunganisha zote pamoja, karanga na bisi, sukari na chumvi, akapata kitu ambacho watoto hawakiachi mpaka bakuli limebaki tupu. Kinafaa kwa Noeli, au kwa siku ya Komunyo ya kwanza, wageni wanapokuwa wengi nyumbani. Kazi yake ni ya saa moja tu. Lakini ndani ya saa hiyo mna mambo mengi ya kufahamu, na mengine ni ya uzima na mauti.

Vitu vyenyewe ni vitano: karanga, mahindi ya bisi, sukari, unga wa kakao na chumvi. Ni ajabu kwamba karibu vyote ni wageni. Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, mahindi ni ya Meksiko. Wareno walileta mbegu zake Afrika baada ya mwaka 1500. Miwa ilitoka upande mwingine wa dunia, katika visiwa vya mashariki, ikapita Bara Hindi na nchi za Waarabu. Mti wa kakao pia ni wa misitu ya Amerika, lakini ulichelewa kufika. Ulipandwa katika kisiwa cha Principe mwaka 1822, na kutoka huko ukaenea. Mwenyeji wa kweli ni chumvi peke yake. Wazee wa Katanga walikuwa wakipika chumvi ya Mwashya, karibu na mto Lufira, zamani za mfalme Msiri, ambaye aliuawa mwaka 1891. Chumvi hiyo ilichukuliwa mbali na wachuuzi, pamoja na misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya siku zile.

Leo kakao inalimwa katika Kongo yenyewe, upande wa Beni na Mambasa. Tunda lake ni kubwa kama papai dogo, nalo linaota juu ya shina lenyewe la mti. Mkulima analipasua, anatoa mbegu pamoja na utomvu wake mweupe, anazifunika kwa majani ya migomba siku tano au sita. Hapo zinapata joto kali na kuchachuka. Mbegu isiyochachuka haina harufu ya chokoleti hata ikikaangwa namna gani. Kisha zinaanikwa juani, zinatiwa guniani, na nyingi zinapita Uganda kwenda kwa wanunuzi wa ng’ambo. Watu wa huko wamepata taabu nyingi za vita. Mara nyingi mkulima ameacha matunda yake yakiiva mtini, akakimbia na watoto wake. Mtoto wa Mutoshi anayelamba kakao vidoleni pengine analamba jasho la watu hao, ijapokuwa kopo limeandikwa jina la mji wa Ulaya.

Zamani kakao ilisagwa pamoja na mafuta yake yote, na kinywaji chake kilikuwa kizito. Mwaka 1828 huko Uholanzi, watu wa jamaa ya Van Houten walipata njia ya kukamua mafuta hayo kwa mashine. Kinachobaki kinasagwa kuwa unga. Ndiyo sababu unga wa kakao unafaa katika nchi ya joto kuliko chokoleti ya vipande. Chokoleti ya vipande ina mafuta mengi, nayo inayeyuka ikipata joto dogo kuliko la mwili wa mtu. Basi ikiwekwa mezani sokoni mnamo saa nane mchana, inageuka uji. Unga uliopikwa pamoja na sukari hauyeyuki hivyo.

Kabla ya kuwasha moto, kazi ya kwanza ni kuchagua karanga, na kazi hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Karanga zinamwagwa juu ya lungo, mahali penye mwanga, na kuangaliwa moja moja. Zilizokunjamana zinatupwa. Zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizogeuka rangi, zenye ukungu wa kijani au wa manjano, zenye ladha chungu, zote zinatupwa, wala hawapewi kuku. Kwa nini kuwa mkali hivyo? Sababu yake ilijulikana kwa namna ya kusikitisha. Mwaka 1960 huko Uingereza, zaidi ya bata mzinga laki moja walikufa bila watu kujua ugonjwa wao. Wataalamu wakatafuta, wakaona kwamba ndege hao walilishwa chakula chenye karanga zilizosagwa, na karanga hizo zilikuwa na ukungu. Ukungu ule unatoa sumu iitwayo aflatoksini. Wala sumu hii si ya ndege tu. Mwaka 2004 huko Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyooza kwa ukungu wa namna hiyo. Tena mtu anayeila kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, hasikii kitu, lakini ini lake linaharibika, na mwisho aweza kupata kansa.

Wako wanaofikiri kwamba moto unaiondoa sumu hiyo. Sivyo. Moto wa jikoni unaua ukungu, lakini sumu iliyokwisha kutoka hauiondoi yote. Na hapa ndipo kuna hila ambayo mnunuzi aijue. Karanga tupu inaonekana ilivyo. Karanga iliyovikwa sukari na kakao haionekani. Mbovu na nzima zina nguo moja, na utamu unafunika uchungu wa ile mbovu. Mchuuzi asiye mwaminifu aweza kununua karanga za bei rahisi zilizonyeshewa, akazificha ndani ya kakao, na kuwauzia watoto. Kwa hiyo aliye na nafasi ya kupika nyumbani hupata salama kuliko anayenunua kwa mtu asiyemjua, na mama anayepika vitu vya kuuza ana deni kwa watoto ambao hawezi hata kuwaona wakila.

Karanga zikisha chaguliwa, bisi zinapikwa. Mahindi ya bukari hayafai; punje za bisi ni ndogo, na ganda lake ni gumu sana. Ndani ya kila punje mna maji kidogo, kama sehemu 14 katika 100. Mama anatia mafuta kijiko kimoja katika sufuria, anatia robo ya kikombe cha punje, anafunika, anaweka juu ya mbabula. Maji yaliyo ndani ya punje yanataka kuwa mvuke, lakini ganda linayafunga. Mvuke unasukuma, ganda linakaza. Punje ikifikia joto la digrii 180 hivi, ganda linashindwa, linapasuka kwa kishindo, na ule unga laini wa ndani unafura mara moja na kuwa kama pamba. Mahindi ya kawaida ganda lake linapitisha mvuke polepole, kwa hiyo yanaungua tu. Punje za bisi zilizokauka mno nazo hazipasuki. Dawa yake ni kuzinyunyizia maji kidogo na kuzifungia ndani ya chupa siku mbili au tatu. Bisi zilizo tayari zinanyunyiziwa chumvi wakati zingali na moto, kisha zinawekwa kando, na punje zisizopasuka zinaondolewa zisivunje meno.

Sasa karanga. Katika sufuria safi zinatiwa vikombe viwili vya karanga mbichi zilizomenywa, kikombe kimoja cha sukari, nusu kikombe cha maji, vijiko viwili vikubwa vya unga wa kakao, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Makala yawe ya kiasi, yasiwe na ndimi za moto. Mama anakoroga kwa mwiko wa mti bila kuacha. Kwanza maji yanachemka. Mutoshi iko juu, zaidi ya meta 1,400 kupita bahari, na kwa hiyo maji huchemka kwa digrii 95 hivi, si 100 kama pwani. Maji yanapokwenda zake, sukari inakuwa nzito, mapovu yake makubwa na ya uvivu. Halafu, mara moja, yote inakauka na kuwa kama mchanga wa rangi ya udongo! Asiyejua huogopa hapo na kufikiri ameharibu. Hakuharibu neno. Sukari imerudi kuwa punje ndogo ndogo, nazo zimeshika karanga pande zote. Akiendelea kukoroga dakika chache, ule mchanga unaanza kuyeyuka tena na kung’aa. Hapo ndipo anamimina bisi, anageuza upesi upesi mara kumi hivi, na kumwaga yote juu ya sinia iliyopakwa mafuta. Bisi haziwezi kutiwa mapema, kwa sababu zikikutana na maji zinanywea na kuwa kama ngozi.

Mtoto asipewe mwiko wakati huu. Sukari inayoyeyuka ni ya moto kuliko maji yanayochemka, kadiri ya digrii 160 na zaidi, tena inanata. Maji ya moto yakimwagika mkononi yanateremka. Sukari inakaa papo hapo na kuendelea kuchoma. Mtu akiungua, mkono wake uwekwe mara moja katika maji baridi safi yanayotiririka, muda wa dakika 20, kisha apelekwe kwa muuguzi kama ngozi imetoka. Mafuta, dawa ya meno na udongo visipakwe kamwe.

Na chumvi inafanya nini ndani ya kitu cha sukari? Kakao kwa asili ni chungu. Chumvi kidogo inauzuia ulimi usisikie uchungu ule sana, na hapo utamu unasikika zaidi, ijapokuwa sukari haikuongezwa. Wapishi wa zamani walijua jambo hili bila kitabu. Hata chenza changa hulainika kinywani likitiwa chumvi. Ikizidi, basi, hakuna wa kula. Nusu ya kijiko yatosha.

Sinia inapopoa ifunikwe kwa kitambaa safi. Katika mahali pengine pa Kongo kitambaa kingetosha kwa ajili ya nzi. Mutoshi ina jambo lake. Ni mahali pa mgodi wa zamani, uliojulikana kwa jina la Ruwe tangu siku za Union Minière, wakati wafanyakazi walipopewa posho ya unga, mafuta na chumvi kila juma. Shaba na kobalti zimo katika udongo, wachimbaji wamepita huko na magunia yao, na magari makubwa yanapita barabarani. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mvua hainyeshi, na vumbi linapanda. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, walipima watu wa mtaa wa Kasulo katika mji wa Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Mwaka 2018 walitangaza walichokiona: kobalti ilikuwa nyingi katika mikojo na damu ya wakaaji wa hapo, na watoto walikuwa nayo kuliko watu wazima. Mtoto hucheza chini, hutia vidole kinywani. Kitu kinachonata kama karanga za sukari kinashika vumbi kuliko mkate. Basi karanga zilizopikwa vizuri namna gani, zikikaa wazi kando ya barabara tangu asubuhi, zimevikwa nguo ya tatu juu ya sukari na kakao. Anayeuza anazitia katika vifuko nyumbani kwake, mara zikisha poa, na kuvifunga. Anayekula ananawa mikono kwanza kwa sabuni. Kujipangusa katika suruali hakuondoi neno.

Wadogo walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima wala bisi. Hawajui kutafuna sawasawa, na punje ikiingia katika njia ya pumzi yaweza kuwaua kabla ya kufika hospitali. Zao zitwangwe katika kinu. Utamu ni ule ule.

Wakati wa mvua kuna shida nyingine. Sukari na chumvi zote mbili huvuta maji ya hewa, na siku za Noeli hewa ya Kolwezi imejaa maji. Bisi zilizolala wazi usiku mmoja zinakuwa laini asubuhi. Ziwekwe katika kopo la maziwa lenye kifuniko kinachokaza, zikiwa zimepoa kabisa, kwa maana zikifungwa na joto zinatoa jasho lao wenyewe. Zikilainika hata hivyo, zitandazwe katika sufuria kavu juu ya makala yanayozimika, zigeuzwe polepole dakika tano, zikauke tena.