Nililala Ruiru, Nikanywea Chai Thika

Siku wenzangu walipovaa majoho kule Juja, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nilijilipia chumba Ruiru. Wewe ungekaa nyumbani usubiri kuulizwa, "Na wewe lini?" Mimi nilihepa.

Hoteli ni ndogo, kila ukuta na rangi yake: mlango wa zambarau, ngazi za manjano, matatu imechorwa juu ya kitanda. Kwa picha, weh, utashiba. Usingizi je? Dirisha langu lilitazama steji. Makanga waliita "Thika! Thika!" hadi usiku wa manane, wakaanza tena saa kumi alfajiri. Ukienda, omba chumba cha nyuma kabla hujalipa.

Asubuhi nikaitikia wito wao. Nikashukia Blue Post, hoteli iliyojengwa 1908, kabla reli haijafika Thika. Si lazima ulale pale. Agiza chai, kaa bustanini usikilize maporomoko ya Chania. Ukitembea kidogo utayaona na ya mto Thika.

Chai ilipoa. Nikampigia mama mwenyewe. Aliuliza tu kama nimekula.