Kicheko Kilichoondoa Hofu

Atokaye Nairobi kwenda Ruiru na Thika hupita Kahawa, penye Chuo Kikuu cha Kenyatta. Huko walisoma Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, vijana wa kundi la Redykyulass. Katika televisheni ya Nation walimwigiza Rais Moi angali madarakani. Sisi tuliozoea kuzungumza siasa kwa kunong'ona tulishtuka kwanza, kisha tukacheka pamoja na watoto wetu. Mwaka 2017 Kiarie alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini. Aliyewacheka viongozi akawa kiongozi. Basi tuwafunze wanetu kwamba mzaha nao una adabu yake: mnyonge hadhihakiwi, na mwenye nguvu huambiwa ukweli bila kutukanwa.